Bi Gramu na Mafuta ya Visiwa Viwili

Ndugu zangu, wafiwa na wafariji, mliokaa ndani na mliosimama uani kwa sababu viti vimekwisha, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba hii na fundi cherehani kwa kazi, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, na imenionya nisitie chumvi, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliipima chumvi kabla ya kuitia, basi nitasema yaliyokuwa kama yalivyokuwa, na pale nitakaposita mnivumilie, maana huyu tunayemzika leo ndiye aliyenifundisha kusoma.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya kukamua mafuta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa fundi wa vinu katika karakana hiyo hiyo, na mama yetu mshonaji wa nguo za kike. Ukuta wa chumba cha kulala ndio uliokuwa ukuta wa karakana, kwa hiyo vinu vilipozunguka vikombe vilitetemeka kabatini, na harufu ya ufuta iliingia mpaka kwenye mashuka, hata tulipoanza shule wenzetu walitujua kwa pua kabla ya kutujua kwa sura. Baba alikuwa akirudi na mashudu, yaani yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa, ili mama awape kuku wake, na siku moja dada, akiwa hajaota meno ya ukubwani, alimuuliza kama mafuta yote yameshatoka humo, baba akamjibu kwamba hayatoki yote, mengine hubaki, dada akataka kujua ni mangapi yanayobaki, baba akasema hajui na hajawahi kumsikia anayejua, na mtoto akasusa chakula cha mchana, si kwa hasira, ila kwa mshangao kwamba watu wazima wanaweza kufanya kazi ya kitu mwaka hadi mwaka na wasitake kujua.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1967 hadi 1972, na wasidhani wajukuu waliokaa hapa kwamba bibi yao alikuwa wa kwanza darasani, la, alikuwa wa tatu, mara nyingine wa nne, ila alikuwa na tabia ya kumfuata aliyeshika nafasi ya kwanza na kumwomba amweleze alivyofika kwenye jibu, na mara mbili ikagundulika kwamba jibu la wa kwanza lilikuwa na kosa, jambo ambalo halikumwongezea marafiki. Mwaka 1973 alipata nafasi ya kwenda chuo kikuu ng'ambo kusomea lishe na takwimu, nchi ya baridi, na mama, ambaye hakuwahi kuliona koti la baridi ila kwenye picha ya gazeti, alimshonea moja kutokana na blanketi la bluu, mikono ikawa mirefu kupita vidole, na dada akalivaa koti hilo miaka yote mitatu, akicheka pamoja na waliomcheka, akarudi nalo, na shahada yake mkononi, mwezi Julai 1976.

Tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa katika idara ya serikali inayoshughulika na chakula na lishe, ghorofa ya pili, chumba cha meza tatu na feni iliyopungukiwa bawa moja, na kazi aliyopewa ndiyo iliyomshika moyo mpaka alipostaafu, nayo nitaieleza kama alivyonieleza mimi, kwa lugha ya mtu wa mkasi na uzi. Unachukua mbegu zote za mafuta zilizovunwa nchini, karanga, ufuta, alizeti, nazi, unaongeza zilizoletwa na meli, unatoa zilizochukuliwa na meli, unatoa zilizorudishwa shambani kupandwa, unatoa zilizooza na zilizoliwa na panya, kinachobaki unakigawa kwa watu wote na kwa siku zote za mwaka, ndipo unajua ni gramu ngapi za mafuta kutoka kwenye mbegu zinazomfikia mtu mmoja kwa siku. Nilimwambia kwamba hiyo ni kama kukata kitambaa kimoja kuwavisha watu milioni, akasema ndiyo, na kwamba bahati mbaya ya kitambaa hicho ni kuwa wengine wanavaa suti na wengine leso.

Jina la Bi Gramu alilipata mwaka uliofuata, siku Waziri alipotembelea idara na kuuliza kama wananchi wanapata mafuta ya kutosha, wakubwa wote wakaitikia kwamba wanapata, naye akasema, “Gramu kumi na moja kutoka kwenye mbegu, mheshimiwa.”

“Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?” Waziri akauliza.

“Hiyo ni kumi na moja, mheshimiwa.”

Waziri alicheka, wakubwa hawakucheka, na kuanzia siku ile mpaka leo hakuna aliyemwita kwa jina jingine, hata sisi ndugu zake tulikuja kulizoea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Nyote mnajua kwamba sisi na wenzetu wa kisiwa cha pili tumetenganishwa na mkono mmoja wa bahari na kuunganishwa na kila aina ya ubishi, mpira tunabishana, samaki tunabishana, hata mvua tunabishana imeanzia wapi, na mwaka 1981 ulipokuja mradi mkubwa wa mbegu na vinu vya mkono, wafadhili wakasema hauwezi kutosha nchi mbili, utakwenda kwenye nchi ambayo watu wake wanapata mafuta kidogo zaidi kutoka kwenye mbegu, basi kila serikali ikaambiwa ilete hesabu yake, na hizo hesabu zilinganishwe mezani, mbele ya wote. Hesabu yetu aliiandaa dada, ikawa gramu kumi na moja kwa mtu kwa siku, na hesabu ya wenzetu aliiandaa kijana mmoja mrefu, mkimya, aliyeitwa na wenzake Bwana Nukta, kwa sababu hakubali namba isiyo na nukta na kinachofuata baada ya nukta, nayo ikawa kumi na tisa nukta mbili. Ofisini kwa dada watu walishangilia, kwa kuwa mara ya kwanza katika historia tulifurahi kuwa nyuma ya jirani, Mkurugenzi akaanza kutafuta ghala la kuwekea mbegu, na wakulima wetu wa ndani ya kisiwa, ambao nao shida walikuwa nayo ya kweli, wakaambiwa wajiandae.

Dada peke yake hakushangilia, kwa sababu ile kumi na tisa haikumkalia sawa, akawa anapiga simu ng'ambo ya pili karibu kila wiki, simu za wakati ule za kupiga kelele mpaka jirani anasikia, na ubishi wao ulikuwa juu ya madafu. Aligundua kwamba wenzetu wamehesabu kila tunda linaloanguka mnazini kuwa mbegu ya mafuta, na yeye akasema dafu ni la kunywa, nyama yake ni laini kama uji, mafuta yaliyomo hayatoshi kupaka hata kidole, na Bwana Nukta akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka meza za wenzake, “Nazi ni nazi, dada yangu, hata ikiwa changa!” naye dada akamrudishia, “Mtoto ni mtu, kaka yangu, lakini humtumi akapasue kuni!”

Mwezi Machi 1982 alivuka kwenda huko kwa mkutano wa kulinganisha hesabu, akatangulia kabla ya wenzake, akashukia kwenye nyumba ya wageni yenye kitanda kinachopiga kelele, na asubuhi akaenda sokoni kama mtu anayetafuta kitoweo. Alikuta madafu yamerundikwa kila pembe ya mtaa, wanaume wamesimama wanakunywa, lakini nazi iliyokomaa, ile ya kukunwa na kutiwa chunguni, ilikuwa ikiuzwa nusu, imepasuliwa na kufunikwa kitambaa kibichi, na akina mama wengine wakinunua robo, akauliza zilikokwenda zilizokomaa, akaambiwa zimekaushwa kuwa mbata na kupakiwa melini, ndizo zinazoleta fedha. Dada aliniambia kwamba alisimama pale mbele ya nusu nazi akaona aibu, wala hakujua ni aibu ya nini.

Kutoka sokoni alikwenda kwenye kliniki ya watoto kuomba kuona uzito wao, akapokelewa na muuguzi mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye alipomsikia anazungumza alimkazia macho akasema, “Wewe ndiwe unayemfokea kaka yangu kwenye simu?”

Dada akakiri kwamba ndiye.

“Basi na mimi nina hamu ya kumfokea, ila yeye hanisikii, kazoea karatasi. Njoo uone.”

Akamwonyesha watoto waliokaa kwenye benchi pamoja na mama zao, ngozi zimekauka kama mikono ya mwashi, wengine giza likianza kuingia wanapapasa ukuta kwa kuwa macho hayaoni vizuri, akamweleza kwamba watoto hawa majani na matunda wanayapata, lakini chakula chao hakina mafuta, na bila mafuta kile cha kulinda macho kilichomo kwenye majani kinapita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa. Muuguzi huyo, ndugu zangu, ni yule pale aliyekaa karibu na mlango, ambaye baadaye alikuja kuwa wifi yake na rafiki yake mkubwa kuliko sisi wote, na ulimi wake ungali vile vile.

Mkutano ulifanyika ukumbini, bendera mbili mezani, na Mkurugenzi wetu amekwisha kuandaa maneno ya shukrani, dada akaombwa asome gramu zake kumi na moja na akae, akazisoma, lakini hakukaa. Alisema kwamba kwa heshima zote, hesabu ya wenzetu imehesabu madafu, na ukiyatoa madafu na mbata iliyokwenda melini, kinachomfikia mwananchi wao si gramu kumi na tisa, ni kama nane, kwa hiyo wenzetu wako chini yetu, na mradi ni haki yao. Mkurugenzi alimvuta nguo kwa chini akamnong'oneza, “Kaa chini, unafanya nini?” na kwa upande wa pili Bwana Nukta naye akasimama, mshipa wa shingo umemtoka, maana mtu anaweza kukubali kila kitu isipokuwa kuhurumiwa na jirani, akasema, “Nchi yangu ina nazi za kuwarushia kunguru! Tumekuja kupimwa au kutukanwa?” Basi siku ile dada alifanikiwa kuwaudhi wa kwao kwa kuwanyima mradi na kuwaudhi wenyeji wake kwa kuwapa, mkutano ukaahirishwa, na akarudi nyumbani amekaa peke yake melini, wenzake wote wamehamia upande wa pili wa sitaha.

Naomba mjue kwamba haikuwa kazi rahisi kwake. Wakulima wetu waliokuwa wanangoja mbegu hawakuwa namba kwake, baadhi yao walikuwa binamu zetu, na binamu mmoja alikuja mpaka mlangoni akamwambia kwamba laiti angekaa kimya hakuna mtu ambaye angejua, dada akamjibu kwamba yeye angejua, na kwamba alipowaona wale watoto wanapapasa ukuta hakuona bendera kwenye mashati yao, kisha akaingia ndani akalia, nami nilimsikia, maana nilikuwa nakata kitambaa chumba cha pili. Sokoni mama alikuwa akiambiwa kwamba bintiye amewapa watu riziki yetu, naye alipochoka, mbele ya wateja wawili, alitoa pini zote mdomoni akasema, “Kama kahesabu vibaya, nendeni mkahesabu nyinyi. Kama kahesabu sawa, nipisheni nimalize gauni la watu.”

Mkurugenzi alimhamishia kwenye chumba cha majalada ya zamani, dirisha linatazama ukuta, akambandika jina la balozi wa jirani, na kwa miaka minne hakupandishwa cheo wala hakuitwa mkutanoni ila mmoja tu, ule uliofuata, ambao wenzetu wenyewe waliomba awepo. Huko alikutana tena na Bwana Nukta, ambaye katika miezi ile alikuwa hakukaa kitako, amezunguka masoko yote ya kwao kwa baiskeli, amekula vumbi, amesimama kwenye gati akihesabu magunia ya mbata, amekwenda hata kliniki kwa dada yake, akafokewa alivyostahili. Alisimama mbele ya ukumbi ule ule, amekonda, akasema hesabu yake ya kwanza ilikuwa na kosa, na sahihi ni gramu nane nukta nne, kisha akamgeukia dada akaongeza, “Mwenzetu alisema nane. Amekosea kwa nukta nne.” Ukumbi ulicheka, mradi ukaenda kwao, na dada aliniambia baadaye kwamba aliwahi kusifiwa na watu wengi maishani mwake lakini hakuna sifa iliyomfika moyoni kama ile ya kuambiwa amekosea kwa nukta nne.

Hivyo ndivyo tulivyompata shemeji. Alikuja na dada yake kuzungumza na wazazi mwezi Agosti 1984, amevaa suti niliyoiona kwa jicho la kazi kwamba ni ya kuazima, baba akamuuliza, “Wewe ndiye wa nukta?” akasema ndiye, baba akamuuliza kama ataweza kuishi na mtu ambaye hawezi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata mumewe, hata siku ya ugomvi, na shemeji akajibu kwamba ameshaishi naye kwenye simu na ameshindwa kila mara, kwa hiyo amezoea. Ndoa yao ilifungwa Jumamosi tarehe 17 Novemba 1984, gauni nilishona mimi, na watu wa visiwa viwili walikula pamoja bila kubishana kuanzia chakula mpaka chai, ndipo wakakumbuka mpira.

Mimba ya kwanza iliharibika mwaka 1985, na wao walitaka itajwe leo, kwa sababu walimhesabu. Tarehe 22 Februari 1987 walijaliwa binti, ambaye leo ni daktari wa meno, na tarehe 30 Septemba 1990 wakajaliwa mtoto wa kiume, ambaye, kwa utani wa Mungu, aliamua kuwa mpishi, tena wa vyakula vya kukaanga, na mama yake akawa akienda jikoni kwake kukaa kwenye stuli na kutazama karai kwa macho ya majonzi. Wajukuu wanne wamepatikana, wa mwisho ana miezi saba, na ndiye huyo anayetupigia kelele sasa hivi, mwacheni, bibi yake hakupenda nyumba iliyonyamaza.

Mwaka 1988 wenzetu walimwomba akasimamie ule mradi, kwa kuwa ulikuwa unachechemea, na akahama na familia yake kwenda kisiwa cha pili. Mbegu za kwanza za alizeti zilikuwa zimepandwa mvua ikiwa kubwa zikaoza, za pili zikaliwa na ndege, na za tatu akina mama, kwa akili njema kabisa, wakawapa kuku, kwa sababu hakuna aliyewaambia zikamuliwe vipi, wakati vinu vya mkono viko ghalani na utando wa buibui. Dada alivaa viatu vya mpira akaanza upya, akaacha alizeti kwa muda akaleta ufuta, ambao alijua harufu yake tangu tumboni, akamwita baba yetu aliyekuwa amekwisha kustaafu, na mzee akavuka bahari akiwa na sanduku la spana, akakaa huko mwaka mzima akifundisha watu kufunga na kufungua vinu, na jioni akiwasifia kahawa yao kuliko ya mama, maneno yaliyofika nyumbani kabla yake. Walimpenda, wakampenda na bintiye, na katika hesabu ya mwaka 1996 kisiwa cha wenzetu kilikuwa kimefika gramu kumi na tano, sisi tumebaki kumi na mbili, tumepitwa waziwazi, hatufui dafu, na wifi yake kwenye kliniki akamwambia kwamba sasa yapita miezi asimwone mtoto anayepapasa ukuta.

Habari hiyo ilipofika huku, binamu yetu yule yule aliyekuja mlangoni alifunga safari, akaenda kulala kwa dada wiki mbili, akarudi na mfuko wa mbegu za ufuta na ufundi wa kinu, na leo mashine yake iko barabara kuu, mnaijua, wengi wenu mnanunua hapo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tumeona kwamba hata mwenyeji akiwa mgeni kwa jirani, wa nyumbani naye huja akapona. Mwaka 2003 Mkurugenzi mpya wa idara yetu alimwandikia kumrudisha, akakubali, akashika kitengo kizima cha hesabu kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huo, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuhakikisha hesabu za nchi mbili zinaandaliwa na watu wa pande zote wakiwa meza moja, chai moja, ili wagombane mapema na kwa karibu. Alistaafu tarehe 9 Mei 2012, wakampa saa ya ukutani, akaiangalia akasema inachelewa, na kweli ilikuwa inachelewa.

Tarehe 14 Oktoba 2019 alianza kusikia kifua kinambana akiwa anapanda ngazi za benki, akapelekwa hospitali, ikaonekana mishipa ya moyo imeziba, na daktari, kijana mpole ambaye yuko hapa pamoja nasi, akamwambia kwamba inabidi apunguze mafuta. Dada akamuuliza apunguze mpaka gramu ngapi, daktari akasema apunguze tu kwa kiasi, na hapo ndipo kijana huyu alipotambua kwamba amempata mgonjwa wa aina gani, maana hakuruhusiwa kutoka chumbani mpaka aliposema namba. Walielewana vizuri tangu siku hiyo, naye dada akaishi kwa namba ile kwa uaminifu, isipokuwa pale mwanawe alipopika, akisema kwamba hapo anakula kwa ajili ya utafiti. Mwanzoni mwa mwaka 2023 figo nazo zikadhoofika, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, shemeji akimsindikiza na magazeti mawili, moja la huku na moja la kule, na wagonjwa wenzake walijua kwamba siku Bi Gramu na mumewe wapo hapatakuwa na mtu wa kusinzia.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Juni 2024, wodini, jua limeingia kitandani, shemeji alikuwa akimsomea bei za vyakula sokoni kama kawaida yao, alipofika kwenye mafuta ya kula dada akafumbua macho akasema, “Soma tena.” Shemeji akavaa miwani vizuri, akasoma tena, taratibu, na alipoinua macho kumsikia atakavyobisha, dada yetu alikuwa amekwisha kwenda, na uso wake, kwa maneno ya muuguzi aliyekuwa karibu, ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kuna waliouliza atazikwa wapi, na serikali zote mbili zimetuma wawakilishi, na kila mmoja, kwa adabu kubwa, ametuambia kwamba marehemu ni wao. Familia inashukuru kwa heshima hiyo, na inajibu kama alivyosema mwenyewe, kwamba azikwe pale atakapofia, asisafirishwe, kwa kuwa nauli ya maiti ni wazimu na walio hai wana safari zao, basi ni hapa.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa moyo na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakuchoka na maswali, nawashukuru majirani walioleta maji, sufuria na turubai bila kuombwa, na yule wa nyumba ya kona aliyezima redio yake wiki nzima, jambo ambalo halijapata kutokea, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara zote mbili, huku na kule, na nahodha aliyechelewesha meli ya asubuhi mpaka wenzetu wote wakapanda. Namshukuru wifi kwa kumkalia karibu siku zote hizi, na shemeji, ambaye ameniomba niseme kwamba yeye hana la kuongeza, ila kwamba nyumba haitakosa watu kesho wala keshokutwa, milango iko wazi, njooni na ubishi wenu. Binti yao anarudi kazini Jumatatu, kuna watoto wa shule wanaomngoja awang'oe meno, na kesho jioni mtoto wao wa kiume atapika, na kila mtu aliyeko hapa amealikwa, hata wenye moyo mbovu.

Dada, umetuhesabu vya kutosha, na hukumwacha mtu nje. Sasa sisi tutahesabu wenyewe. Wewe pumzika, pumzika kwa amani.